Fuata Gunia: Mwongozo Kamili wa Kupanga Vipaumbele vya Utafiti wa Chakula Pamoja na Wadau

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekabidhiwa kazi inayosikika nyepesi: kukaa na wadau na kukubaliana nao ni mambo gani utafiti wa chakula uyashughulikie kwanza. Huenda uko chuo kikuu, kwenye taasisi ya utafiti au kwenye chama cha wasindikaji. Huenda pia unasimamia mfuko mdogo wa ubunifu na unataka fedha ziende panapouma. Nimechukua mnyororo mmoja kuwa mfano wa kazi nzima: mahindi yanayotoka Kanda ya Kati ya Tanzania, yanapita soko la Kibaigwa, yanasagwa Manzese na kuishia kwenye sahani ya mtu wa Dar es Salaam. Kama kazi yako ni dagaa wa Mwanza au maziwa ya Tanga, badilisha majina tu.

Nimechagua mahindi kwa sababu hasara ya kuuliza swali lisilo lenyewe inaonekana wazi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, sumukuvu kwenye mahindi iliwafanya watu 317 waugue, na 125 kati yao walifariki. Miaka 12 baadaye, mwaka 2016, ugonjwa uleule ulizuka Dodoma na Manyara. Wagonjwa walioripotiwa walikuwa 68, na 20 walifariki. Katikati ya matukio hayo sayansi haikuwa imelala. Kuvu wanaotoa sumu walikuwa wanajulikana, unyevu unaofaa ulikuwa unajulikana, viwango vilikuwapo. Kisha Machi 2021 Kenya ikazuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu hiyohiyo, na siku chache baadaye ikafungua mpaka kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha kuwa shehena iko chini ya kiwango. Mama wa Chemba, mfanyabiashara aliyekwama Namanga na mtu wa maabara wote wana tatizo la sumukuvu, lakini kila mmoja ana swali lake. Ukimwita mmoja tu, utafanya utafiti wa mmoja tu.

Msimamo wangu nauweka mapema. Orodha ya vipaumbele haichakachuliwi kwenye kura. Huchakachuliwa kabla ya hapo, pale mtu mmoja anapokaa ofisini na rundo la maoni na kuyaandika upya "kitaalamu". Ndiyo maana hatua ya sita hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Mtafute kwanza atakayeipokea orodha

Kabla hujamwita mtu yeyote, pata jibu la maandishi kwa swali moja: orodha ikikamilika, nani atatoa fedha au muda kwa ajili yake? Anaweza kuwa mfadhili aliyekubali kutangaza ruzuku kwa kufuata orodha hiyo, au mkurugenzi wa taasisi aliyekubali kupeleka huko sehemu ya wanafunzi wake wa shahada ya uzamili. Hata ahadi ndogo inatosha, mradi iwe ya kweli. Kama hakuna aliyeahidi kitu, ahirisha. Wakulima na wafanyabiashara wa Kanda ya Kati wamehojiwa sana, na wanamjua mtu anayekuja kuchukua majibu na kuondoka.

Halafu andika mipaka ya kazi kwa sentensi moja: zao gani, eneo gani, kwa kipindi gani, na nini hakimo. Kwa mfano wetu: "Maswali ya utafiti kuhusu usalama, ubora na uhifadhi wa mahindi na unga wa mahindi kati ya Dodoma, Manyara na Dar es Salaam, kwa miaka mitano ijayo, bei ya mbolea na mbegu haimo." Sehemu ya mwisho ndiyo yenye kazi. Bila hiyo, kila kikao kitarudi kwenye mbolea, na hutamlaumu mtu.

Hatua ya 2: Unda kamati ndogo isiyo ya watafiti peke yao

Watu wanane hadi kumi na wawili wanatosha. Watafiti wasizidi theluthi moja. Mwenyekiti awe mtu asiyetarajia kuomba fedha zitakazotokana na orodha, na kila mjumbe aandike maslahi yake mwanzoni: anauza mifuko ya kuhifadhia, ana mkataba na kiwanda, anasimamia maabara. Mwenye maslahi hafukuzwi. Ila yafahamike, ili anaposifia teknolojia fulani wenzake wajue anazungumza akiwa na kofia gani.

Utaratibu huu si mpya. Uingereza, James Lind Alliance imekuwa ikiwakutanisha wagonjwa, walezi na matabibu tangu 2004 ili wachague kwa pamoja maswali kumi ya kwanza kwa utafiti wa ugonjwa fulani. Mifupa ya mwongozo huu inafanana na ya kwao. Tofauti ni kwamba mgonjwa na daktari hawashindani sokoni, lakini wenye viwanda vya unga wanashindana. Nitalirudia hilo.

Hatua ya 3: Fuata gunia

Watu wengi huandaa orodha ya wadau kwa kukaa mezani na kuandika majina ya taasisi. Matokeo yake ni warsha iliyojaa wakurugenzi. Njia ninayoipendekeza ni kulifuata gunia moja kutoka shambani hadi jikoni, na kila linaposimama kuuliza mambo manne: nani analipwa hapa? nani anapata hasara likiharibika? nani anaweza kulikataa? na nani analigusa bila kuhesabiwa?

Ukifuata gunia la Kongwa au Kiteto utakutana na mkulima na familia inayopukuchua, dalali, mfanyabiashara anayejaza lumbesa, mwenye stoo, makuli, dereva wa fuso, mwenye mashine ya kukoboa na kusaga, muuza duka, mama lishe, mpishi wa shule. Swali la nne ndilo litakalokufikisha kwa wanawake wanaochambua mahindi mabovu kwa ujira wa siku, ambao hakuna taasisi inayowawakilisha na ambao wanajua kuhusu punje zilizooza kuliko mtu yeyote aliye kwenye mnyororo huo.

Usiishie kwenye unga. Mahindi yakikobolewa, sehemu kubwa ya sumukuvu hubaki kwenye pumba, na pumba inaliwa na ng'ombe na kuku. Ng'ombe akila pumba yenye sumu, sehemu ya sumu hiyo hubadilika umbo na kutokea kwenye maziwa. Kwa hiyo mtengenezaji wa chakula cha mifugo na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ni wadau wa sembe, hata kama wenyewe hawajui. Punje mbovu zilizochambuliwa nazo mara nyingi hupata mnunuzi: kuna wanaopikia pombe, kuna wanaochanganya kwenye chakula cha kuku.

Upande wa serikali, hakikisha ramani yako ni ya sasa. Bado kuna nyaraka zinazotaja TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kama msimamizi wa usalama wa chakula, wakati kazi hiyo ilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Wengine ambao kwa zao hili hawakosekani ni TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo), Taasisi ya Chakula na Lishe, Chuo Kikuu cha Sokoine, SIDO (shirika la viwanda vidogo), maafisa afya na maafisa ugani wa halmashauri, na mtandao wa wakulima wadogo wa MVIWATA. Kwa Kenya utawaangalia KALRO (utafiti wa kilimo), KIRDI (utafiti wa viwanda) na KEBS (viwango).

Hatua ya 4: Vibali, posho na itifaki

Hapa nitapita haraka, ingawa ndipo kazi nyingi hukwama. Tanzania utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, na kazi ikigusa afya ya watu, idhini ya maadili pia. Kenya kibali ni cha NACOSTI. Baada ya hapo barua zinashuka ngazi kwa ngazi: mkoa, wilaya, halmashauri, kata, kijiji. Usiruke ngazi. Mtendaji wa kijiji aliyekuona unapita bila kuripoti atakukumbuka.

Majina, namba za simu na sauti utakazorekodi ni taarifa binafsi. Sheria ipo Kenya tangu 2019 na Tanzania tangu 2022. Ridhaa iombwe kwa lugha inayoeleweka, si kwa kusainisha karatasi ya kurasa tatu.

Posho: lipa nauli na fidia ya siku ya kazi, na kiwango kiwe kimoja kwa wote waliotoka umbali sawa. Mchambuaji wa mahindi anayepoteza ujira wa siku asipate pungufu kuliko afisa ambaye mshahara wake unaendelea kuhesabika. Utapingwa kwa kutajiwa viwango vya serikali, kwa hiyo zungumza na mhasibu mapema, kabla hujachapisha barua za mwaliko.

Hatua ya 5: Kusanya kero, usikusanye "mada za utafiti"

Ukimuuliza mwenye mashine "ungependa utafiti gani ufanyike?", atakujibu kwa adabu kitu alichosikia kwenye semina iliyopita. Muulize mambo anayoyaishi. Mara ya mwisho mzigo ulikuharibikia lini, na uliufanya nini? Mteja akirudisha unga anasema una nini? Kitu gani umejaribu ukaacha, na kwa nini uliacha? Ni jambo gani unalazimika kulikisia kila siku kwa sababu huna kipimo? Swali la tatu ndilo ninaloliamini zaidi. Kila ubunifu ulioachwa una sababu, na sababu hiyo mara nyingi ni swali zuri la utafiti ambalo halijaandikwa na mtu.

Zingatia msimu. Kanda ya Kati ina msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mavuno huanza kwenye Mei. Ukienda wakati wa kuvuna utasikia habari za kukausha. Ukirudi miezi mitano baadaye utasikia habari za stoo, wadudu na bei. Nenda mara mbili, au angalau waulize watu kuhusu misimu yote miwili, wa kuvuna na wa kuhifadhi, kwa majina yake.

Zingatia lugha pia. Kiswahili kitakufikisha mbali, lakini bibi wa Mpwapwa ataeleza dalili za mahindi yaliyoharibika kwa Kigogo kwa ufasaha ambao Kiswahili chake hakina, na Kondoa utahitaji mtu wa Kirangi. Tumia sauti za WhatsApp kwa wafanyabiashara na madereva, maana hawana muda wa kukaa. Tumia redio ya eneo na namba ya kutuma ujumbe kwa walio mbali. Tumia vikao vya vikundi vidogo kwa wakulima. Makundi yasichanganywe katika hatua hii. Hakuna mwenye stoo atakayekiri mbele ya mkaguzi wa TBS kuwa huchanganya mahindi mabichi na makavu, na hakuna mchambuaji atakayesema mahindi mabovu yanakwenda wapi tajiri yake akiwa amekaa kiti cha mbele.

Wenye viwanda wakubwa wahoji mmoja mmoja. Waeleze tangu mwanzo kwamba unatafuta matatizo ya wote: namna ya kuchukua sampuli, unyevu, uhifadhi, kipimo cha haraka cha sumu. Mambo ya siri ya biashara, kama mchanganyiko wao, mashine wanayotaka kuagiza au kifungashio kipya, yabaki kwao. Mtu akijua mpaka huo uko wapi, huzungumza kwa uhuru zaidi.

Andika kila kero kwa maneno ya aliyeisema, kisha ipe namba. Usisahihishe sarufi.

Hatua ya 6: Geuza kero kuwa maswali bila kumpora mwenye kero

Sasa una mamia ya sentensi, na utafiti haufanyiki juu ya malalamiko. Ni lazima yageuzwe maswali. Anayefanya kazi hiyo ana madaraka kuliko mwenyekiti, kuliko mfadhili, kuliko wapiga kura wote.

Tuchukue kero ya namna ambayo mfanyabiashara yeyote wa Kibaigwa angeweza kuitoa: "Julai nanunua mahindi mazuri, Novemba yameshavunda stooni." Mtaalamu wa uhifadhi akiiona ataandika: "Ufanisi wa mifuko isiyopitisha hewa katika kudhibiti kuvu." Ni swali zuri, na lina wafadhili. Lakini halikutoka kwa mfanyabiashara. Yeye hununua gunia mbili kwa huyu, tano kwa yule, yote yanamwagwa chungu moja na kujazwa upya. Mzigo mmoja mbichi unaharibu mikavu tisa, na ukiuweka kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa mbichi hujatatua kitu. Swali lililo karibu naye ni hili: "Mfanyabiashara anayekusanya mahindi ya wakulima wengi kwa siku moja atumie njia gani, ya haraka na ya bei anayoimudu, kutenga mzigo mbichi kabla haujachanganywa?" Maswali haya mawili yatazaa tafiti mbili zisizofanana hata kidogo.

Ili kuzuia uporaji huo, fanya hivi. Kazi ya kugeuza ifanywe na watu wawili wawili, mtafiti mmoja na mtu mmoja wa mnyororo wenyewe, kamwe si mtafiti peke yake. Kila swali libebe namba za kero zilizolizaa, ili mtu yeyote aweze kurudi nyuma na kuona lilitoka wapi. Swali lisitaje suluhisho isipokuwa kama mwenye kero alilitaja mwenyewe. Halafu, na hili ndilo hurukwa zaidi, rudi kwa baadhi ya waliotoa kero, wasomee swali kwa sauti na uulize: "Hiki ndicho ulichosema?" Ukipata "ndiyo, ila...", andika kinachofuata baada ya "ila". Hapo ndipo swali lilipo.

Wakati wa kugeuza utagundua kwamba kero haziendi zote kwenye utafiti. Zigawe kwenye mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni kero ambayo hakuna mwenye jibu lake kwa mazingira haya. Mfano: dona huanza kuwa chungu mapema kuliko sembe, kwa sababu kiini cha punje kimebaki na mafuta yake huharibika. Sababu inajulikana. Lakini dona ya mashine ndogo, kwenye kifungashio anachokimudu mwenye mashine, katika joto la Dar es Salaam, idumu vipi dukani kwa wiki kadhaa bila kubadilika ladha? Hilo ni swali halali.

Fungu la pili ni jibu lililopo ila halijafika. "Nitajuaje mahindi yamekauka kama sina mashine ya kupimia?" Kuna njia ya chumvi: chupa kavu, chumvi kavu, kiasi cha punje, tikisa, iache itulie. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi. Haitakupa asilimia 13.5 ya unyevu inayotajwa na kiwango cha Afrika Mashariki, lakini itakuzuia kuingiza mzigo mbichi stoo. Kero ya namna hii ipelekwe kwa maafisa ugani na redio, tena mara moja, bila kusubiri orodha ikamilike. Hapo ndipo watu wanapoona umewasikia.

Fungu la tatu ni sera, huduma au fedha. Tanzania imekuwa na kanuni za urutubishaji wa unga tangu mwaka 2011, na msagishaji akilalamika kwamba anaongeza virutubishi huku jirani yake haongezi na anauza kwa bei ya chini, hilo si la mtafiti kutatua. Ni la usimamizi. Lakini chungulia ndani ya kero hiyohiyo: mteja akija na debe lake la mahindi kusagiwa, kiasi sahihi cha virutubishi kitapimwaje kwa debe moja? Hapo kuna swali la uhandisi. Usitupe kero nzima kwa sababu nusu yake ni siasa.

Hatua ya 7: Hakiki kama swali halijajibiwa

Kwa kila swali lililobaki, tafuta majibu yaliyopo: machapisho ya kisayansi, ripoti za TARI na Sokoine, tasnifu za wanafunzi zilizolala maktaba. Tasnifu usizidharau; kwa vyakula vyetu mara nyingi ndizo pekee zenye vipimo vya eneo husika. Lipe kila swali alama moja kati ya tatu: limejibiwa hapa, limejibiwa kwingine na linahitaji kujaribiwa hapa, halijajibiwa. Lililojibiwa hapa lihamie fungu la pili. Mkusudie kubaki na maswali kati ya 30 na 50. Yakizidi hapo watu wanachoka na wanaanza kuweka alama bila kusoma.

Hatua ya 8: Vigezo kwanza, alama baadaye

Kamati ikubaliane vigezo kabla haijaona maswali ya mwisho. Ukifanya kinyume, kila mmoja atapigania kigezo kinachobeba swali lake. Njia ya CHNRI, iliyobuniwa kwa utafiti wa afya ya watoto, inafaa kuazima: kila swali linapimwa kwa vigezo vichache, na kwa kila kigezo mpimaji anatoa 1 akikubali, 0 akikataa, au 0.5 akiwa na shaka. Asiyejua huacha wazi, na pengo hilo halihesabiwi.

Kwa chakula ningetumia vigezo vitano. Je, swali linajibika ndani ya muda na fedha zilizopo? Je, jibu lake litapunguza madhara au hasara kwa kiasi cha maana? Je, msindikaji mdogo ataweza kulitumia? Je, litawafikia walio hatarini zaidi? Na je, watu watakula?

Cha mwisho si mzaha. Wazee wanakumbuka unga wa njano wa msaada, ule ulioitwa unga wa Yanga, na jinsi watu walivyoula kwa sababu tu hapakuwa na mwingine. Leo mtafiti akija na mahindi ya rangi ya chungwa yenye vitamini A nyingi, kazi yake inaanza na kumbukumbu hiyo, kabla hata hajafika maabara.

Sasa hesabu. Tuseme watafiti 20 na wakulima 5 wamepima swali moja. Watafiti kwa wastani wametoa alama 0.9, wakulima 0.3. Ukichanganya watu wote pamoja unapata 0.78, na swali linapanda juu. Ukichukua wastani wa kila kundi kisha wastani wa makundi, unapata 0.6. Tumia njia ya pili. Muhimu kuliko hiyo, onyesha tofauti yenyewe. Swali ambalo kundi moja limetoa 0.9 na jingine 0.3 linahitaji mazungumzo, na wastani wowote unaficha ugomvi ambao ungefaa uusikie sasa kuliko baada ya miaka mitatu ya mradi.

Hatua ya 9: Kikao cha mwisho

Chukua maswali 15 hadi 20 ya juu uyalete kwenye kikao cha siku moja cha watu 25 au 30. Sasa makundi yanaweza kuchanganywa, kwa sababu mabishano si tena juu ya nani anafanya nini kibaya. Ni juu ya swali lipi litangulie.

Mgeni rasmi ni mtihani. Akifungua kikao kwa kutaja kipaumbele chake, umekwisha. Hakuna mkulima atakayempinga. Mwombe afunge badala ya kufungua, au akija asubuhi apewe maneno machache ya kukaribisha na maelezo mapema kwamba orodha bado ni siri.

Ndani ya kikao tumia utaratibu ambao Delbecq na Van de Ven waliueleza mwaka 1971. Kila mtu anafikiri peke yake kimya kwanza, kisha mmoja mmoja anasema kwa zamu, kisha mjadala, kisha kila mtu anapanga kivyake. Ukimya wa mwanzo na zamu ndivyo vinavyomzuia mwenye sauti kubwa kuchukua chumba. Gawa vikundi vitatu vya watu wanane hadi kumi, kila kimoja kikiwa na mkulima, mfanyabiashara, msagishaji, mlaji, mtafiti na mtu wa serikali. Andika kila swali kwenye kadi kubwa, kwa Kiswahili cha kawaida, na lisomwe kwa sauti kwa wasiosoma. Vikundi vipange kadi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Jumlisha nafasi za vikundi vyote, kisha baada ya chakula rudi na vikundi vipya vilivyochanganywa upya na mpange mara ya pili. Mara nyingi kadi za juu kabisa na za chini kabisa hazisogei sana. Vita huwa katikati.

Kura kwa punje za maharage kwenye makopo ni nzuri pale ambapo wengi hawasomi. Weka makopo nyuma ya pazia. Kura ya wazi mbele ya mwajiri au mnunuzi wako si kura.

Hatua ya 10: Kurudisha, na kuishi na orodha

Orodha itoke kwa sura mbili. Ya kwanza ni ya mfadhili na watafiti: kila swali na namba za kero zake, alama za kila kundi, tofauti zilizojitokeza, na kilichokwishajulikana. Ya pili ni ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani sokoni, kwenye ofisi ya kata na kwenye mashine za kusaga, pamoja na kipindi cha redio ambamo mfanyabiashara na mchambuaji ndio wanaoeleza. Fedha ya sura ya pili itengwe tangu siku ya kwanza ya bajeti. Ikiachwa mwisho huwa imekwisha.

Kwa kila swali la juu, andika jina la nafasi, si la mtu, itakayolisukuma: mkuu wa idara fulani, mratibu wa programu fulani. Tangazo la ruzuku linapotoka, sharti liwe kwamba mwombaji anakili swali kama lilivyoandikwa na kueleza pale atakapolibadilisha na sababu zake. Hii ni hatua ya sita ikijirudia kwa upande wa watafiti, maana pendekezo la utafiti nalo ni mahali pa kuliandika swali upya.

Kwa zao moja na kanda moja, panga miezi tisa hadi mwaka mzima, ili misimu yote miwili iingie. Baada ya miaka miwili kamati ikutane kwa nusu siku tu: maswali gani yamepata fedha, yapi hayakupata, na kwa nini. Likitokea jambo kama lile la Machi 2021, usisubiri miaka miwili. Ita kikao cha dharura cha kamati, angalia kama swali la kipimo cha haraka mpakani lilikuwa limewekwa nafasi ya 14, na mwulize mjumbe wa wafanyabiashara kama bado analiona hapo.